Inshirah wa Tanta: Aliyepima maumivu ya jino kwa kokwa za tende

Saa mbili na robo asubuhi, Inshirah Abdel-Mawgoud anafungua friji ndogo iliyo nyuma ya mlango wa kliniki ya meno. Anaingiza mkono hadi ndani kabisa, anatoa bomba moja la sindano na kulifumbata kiganjani. Anahesabu moja, mbili, tatu. Kiganja kinaanza kumuuma kwa baridi.

"Hili limeiva," anasema. "Likinichoma mimi mkono, litamtuliza mwenzangu."

Kwenye kiti cha wagonjwa amelala Hajja Tafida, muuza mboga. Shavu lake limefungwa skafu ya sufi, na ndani ya skafu kuna soksi iliyojazwa chumvi ya moto. Ndivyo watu wa Tanta wanavyouguza jino tangu zamani: joto, na lisipopona, joto zaidi. Baridi huogopwa kama mwizi. Hata upepo wa dirishani hulaumiwa.

"Nasikia siku hizi mnatia barafu kwenye jino," Hajja anamwambia Inshirah, jicho moja limefumba. "Sijaja hapa kufa, Mama Nadir. Nimeacha bamia sokoni."

"Bamia haitaota miguu, Hajja. Na si barafu, ni maji ya chumvi tu, yamelala kwenye friji. Hebu toa hiyo soksi kwanza. Tunatibu jino au tunachemsha kichwa?"

"Soksi hii ni ya marehemu mume wangu."

"Basi tuitoe kwa heshima zake."

Hajja anacheka, na kinywa kinapofunguka kwa kicheko, Daktari Nevin Girgis hakiachi kifumbe tena. Ganzi inaingia. Jino linatobolewa, kiini kilichooza kinatolewa, mzizi unasafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Mwisho kabisa ndipo zamu ya maji ya baridi inapofika.

Dakika tano kwa saa ya ukutani. Inshirah anapokeza bomba moja baada ya jingine, kabla lile la kwanza halijapata joto la mkono. Macho yake hayako kwa mgonjwa. Yako kwenye kidole gumba cha daktari.

"Polepole, Daktari."

"Niko polepole, Mama Nadir."

"Nataka polepole ya polepole."

Dakika ya nne haijaisha, Hajja Tafida anakoroma.

Inshirah ana miaka hamsini na sita. Shule alisoma madarasa manne tu, kwao kijijini, kisha akatolewa kuchuma pamba. Kwenye kliniki hii ya serikali aliingia miaka ishirini na saba iliyopita akiwa mfagiaji. Alijifunza kazi kwa kuangalia, akaenda masomo ya jioni ya watu wazima, akafanya mtihani wa usaidizi mara tatu ndipo akafaulu. Mumewe alifariki. Wanawe wawili, Nadir na Safinaz, amewalea kwa mshahara huohuo mmoja ambao, kwa maneno yake, "unaingia mlango huu na kutoka ule bila kukaa."

Kliniki ina viti viwili na wagonjwa thelathini na wawili kwa siku. Friji ni hiyo moja, ya kuwekea ganzi.

Siku zote kulikuwa na jambo lililomkera. Kutibu mzizi wa jino huchukua safari mbili. Ya kwanza ni ya kusafisha, ya pili ni ya kuziba. Lakini katika kila wagonjwa kumi walioanza, wanne hawakurudi safari ya pili. Inshirah aliwajua kwa majina, maana kadi zao zilibaki kwenye droo yake.

"Wanakwenda nyumbani, ganzi inaisha, maumivu yanawavaa," anaeleza. "Mtu anasema, nilikwenda na jino linauma, nimerudi na kichwa kizima kinauma, hawa wameniharibia. Kesho yake anatafuta wa kuling'oa. Jino ambalo lingeishi miaka ishirini linatupwa kwa sababu ya siku moja."

Akaanza kuwapigia simu kesho yake, kwa simu yake mwenyewe, wakati wa mapumziko ya chai. Hakuna aliyemtuma. Na katika kupiga simu huko akagundua kitu: wagonjwa wa madaktari wenye haraka ndio walioumwa zaidi.

"Dawa ile ya kusafishia mzizi ni jamaa ya ile ya kufulia nguo nyeupe," anasema. "Ukiisukuma kwa nguvu inapita ncha ya mzizi, inaingia kwenye nyama ya taya. Hapo umemwashia mtu moto. Nilikuwa naangalia kidole gumba cha daktari, najua mgonjwa wa huyu ataugulia kabla ya magharibi, wa yule atalala vizuri."

Alipomwambia hayo Daktari Nevin, aliyekuwa na mwaka mmoja tu kwenye kliniki, daktari hakucheka. Alivuta kiti akakaa. Akamweleza kwamba madaktari wa nchi nyingi wanahangaika na jambo hilohilo. Wengine wana mashine ya kuyatetemesha maji ndani ya mzizi, wengine wana mrija wa kuyafyonza yasipite ncha. Vyote hivyo kliniki haikuwa navyo. Lakini kulikuwa na njia mbili ambazo hata maskini anaziweza: sindano yenye tundu ubavuni badala ya nchani, na kumalizia kwa maji ya chumvi yaliyopozwa sana.

"Sindano za tundu ubavuni ziko stoo," Inshirah akamwambia. "Zililetwa mwaka juzi, hakuna aliyezifungua."

"Na maji ya baridi?"

"Friji ninayo mimi."

Wakaanza hivyo, wao wawili, kiti cha dirishani.

Mkuu wa kliniki, Daktari Lutfi, si mtu mbaya. Wagonjwa wanampenda. Ila miaka thelathini ya kazi imemfanya aamini kwamba kila jipya linakuja kumchelewesha. Siku aliyofungua friji akakuta mabomba ya maji ya chumvi yamejipanga mbele ya ganzi yake, alimwita Inshirah mbele ya watu.

"Mama Nadir, hapa umefungua duka la soda?"

"Ni maji ya kumalizia, Daktari. Wanaumwa kidogo."

"Nani kasema?"

"Wao wenyewe."

"Wamekuambia nini hasa?"

Hapo Inshirah akakwama. Kwa sababu ukweli ni kwamba walimwambia neno moja tu. Mtu wa Tanta ukimuuliza anaendeleaje, awe mzima, awe amevunjika miguu yote miwili, atakujibu, "Alhamdulillahi." Daktari Nevin alikuwa amejaribu kuwauliza kwa namba, sifuri mpaka kumi. Wakamjibu, "Alhamdulillahi, Daktari, kumi kwa kumi."

Daktari Lutfi akatoa uamuzi. Chumba cha chanjo kilikuwa kinaomba friji. Angewangoja wiki saba, mpaka wiki ya maulidi. Wakimletea hesabu ya watu sitini, hesabu inayosomeka, friji ingebaki na njia yao ingefuatwa kwenye viti vyote viwili. Wakishindwa, friji ingekwenda chanjo, na Inshirah angehamishiwa dirisha la kadi.

"Maana naona unapenda sana kuongea na wagonjwa kuliko kushika vifaa," akasema.

Dirisha la kadi. Kwa mtu aliyeanza na ufagio na kupanda kwa magoti yake mwenyewe mpaka pembeni ya kiti cha mgonjwa, neno hilo lilimkata. Safinaz, bintiye, anasema mama yake hakugusa chakula siku ile. "Alikaa mbele ya sahani ya mulukhiya, mchuzi wa mlenda anaoupenda kuliko vyote, mpaka ikaganda. Mama kuiacha mulukhiya! Nikajua kuna msiba."

Lakini kesho yake Inshirah alikuja na wazo. Kama watu hawa hawasemi maumivu, basi wayahesabu. Na kitu gani kipo kila nyumba ya Tanta, mji uliojaa harufu ya dengu za kukaanga kutoka duka hadi duka?

Akashona vifuko sitini vya kitambaa. Kila mgonjwa akaondoka na dengu kumi ndani ya kifuko. Kesho yake adhuhuri aache ndani punje sawa na maumivu yake, nyingine azitoe, kisha akirudishe. Maumivu ya kuua, kumi. Hakuna maumivu, kifuko kitupu. Nani ajitie kutoelewa?

Walipanga kwa haki. Wagonjwa wote walielezwa, wakakubali. Wote walisafishwa kwa sindano ya tundu ubavuni, polepole. Maji ya mwisho ndiyo yaliyotofautiana: wengine ya baridi, wengine ya kawaida. Nani apate yapi, iliamuliwa kwa kuokota karatasi kutoka kopo la chai.

Wiki tatu zikapita na vifuko ishirini na vinne vikarudi. Karibu vyote vitupu! Daktari Lutfi alipita akavifinya kimojakimoja, akainua nyusi.

"Haya, Mama Nadir. Ukiendelea hivi na mimi utanitilia maji ya baridi."

Inshirah alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama amevishwa viatu vipya. Ila njiani kitu kikaanza kumwasha. Mbona hata wale wa maji ya kawaida walikuwa watupu?

Kesho yake akaja Fundi Zaghlul, mshona viti vya kifahari, kwa safari yake ya pili. Shavu lilikuwa bado limemvimba. Kifuko chake kilikuwa kitupu.

"Fundi, hukuumwa?"

"Niliumwa mpaka nikamwona babu yangu."

"Na dengu ziko wapi?"

Fundi akaangalia dari. "Mama Nadir, mtu anampa mtu dengu, na chai ipo mezani, na wageni wamekuja. Ungetegemea nini?"

"Umekula maumivu yako, Fundi?"

"Nimekula nne. Shemeji yangu kala zilizobaki."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Inshirah pia alicheka, anasema, kwa sababu angefanya nini. Kisha akaingia chumba cha kuchemshia vifaa, akafunga mlango, na akalia.

Siku hiyo na iliyofuata aliwapigia simu wote waliotangulia. Kumi na watano walikuwa wamekula. Mmoja alizigawa kwa majirani. Mwingine, mama mtu mzima, aliona haya kurudisha kifuko kitupu, akajazia za kwake, nzuri zaidi, zenye chumvi.

Ya Fundi watu waliichukulia mzaha tu; kwamba wengine nao wamekula, hakuna mtu mwingine aliyejua. Hesabu ilikuwa inapendeza, mkuu alikuwa amekwisha kulainika. Kunyamaza tu kungetosha, na friji ingebaki palepale.

"Nilikaa na jambo hilo kutwa nzima," Inshirah anasema. "Nikajiambia, nikinyamaza, nitabaki kwenye kiti. Lakini nitakuwa sijui kama maji yale yanasaidia au hayasaidii. Nitakuwa namdanganya kila anayelala pale. Heri dirisha la kadi."

Akamwendea Daktari Nevin, na wote wawili wakaingia kwa mkuu. Daktari Lutfi alisikiliza mpaka mwisho, mikono tumboni.

"Kwa hiyo mji wa Tanta umeila hesabu yenu."

"Ndiyo, Daktari."

"Na wewe mwenyewe ndiye umekuja kusema."

"Ndiyo, Daktari."

"Zimebaki wiki nne. Sikuongezei hata siku."

"Sijaomba."

Daktari Nevin anakumbuka walivyotoka humo. "Nikamwambia, Mama Nadir, watu sitini kwa wiki nne haiwezekani. Akaniambia, Daktari, wewe andaa mkono wako, mimi nakuletea midomo."

Kwanza alitafuta kitu kisicholiwa. Akazunguka nyumba za mtaa wake akiomba kokwa za tende. Majirani walimuuliza anafuga nini. Aliziosha, akazichemsha, akazianika kibarazani, akahesabu kumikumi. Kisha akafungua droo ya kadi za wale ambao hawakurudi, akawapigia mmoja mmoja. "Jino bado unalo? Basi njoo, usimwachie mtu aling'oe." Wengi walikuja, na wengine wakaleta ndugu.

Siku ya mapumziko akaomba ufunguo wa kliniki. Mlinzi akamuuliza kama hana nyumbani. Daktari Nevin, ambaye Ijumaa asubuhi huwa kanisani, maana huko Jumapili ni siku ya kazi, alikuja mchana akiwa bado na nguo za ibada.

Safari hii vifuko vilikuja na hadithi zake. Kuna aliyerudisha kokwa saba na kuapa kwamba ya nane aliitupa kwa hasira. Kuna mwalimu aliyeomba avunje kokwa katikati maana maumivu yake yalikuwa mawili na nusu. Wakamruhusu. Lakini hakuna aliyekula.

Alhamisi ya mwisho kabla ya maulidi, vifuko sitini vilikuwa mezani kwa Daktari Lutfi. Kila kimoja kilikuwa na namba tu. Ni daftari la Daktari Nevin pekee lililojua namba ipi ilipata maji yapi, na daftari lilikuwa limefungwa. Mkuu alitaka kuhesabu kwa mkono wake.

"Namba moja," akasema, akamwaga. "Tano. Namba mbili, hamna kitu. Namba tatu... hamna kitu. Namba nne, sita."

Wafanyakazi walikusanyika mlangoni mmojammoja, mpaka mlinzi. Chai ikapoa. Inshirah alisimama ukutani, mikono nyuma.

Ilipofika namba sitini, daftari likafunguliwa. Daktari Nevin akasoma namba za maji ya kawaida, watu thelathini. Mkuu akajumlisha, akajumlisha tena. Kokwa mia moja thelathini na moja na nusu.

Kisha za maji ya baridi, watu thelathini. Kokwa thelathini na nane. Vifuko kumi na tisa vilikuwa vitupu kabisa.

Daktari Lutfi aliweka kalamu chini. Alizikusanya kokwa za baridi kwa kiganja upande mmoja wa meza, kirundo kidogo. Za kawaida akazisukuma upande wa pili, zikafika mpaka ukingoni, nyingine zikaanguka sakafuni. Akamgeukia Daktari Nevin.

"Na waliorudi safari ya pili?"

"Wa kawaida, ishirini kati ya thelathini," Daktari Nevin akajibu. "Wa baridi, ishirini na saba."

Hapo mlinzi, ambaye hana habari ya meno wala mizizi, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, kigelegele cha mwanamume, kibaya kuliko vyote vilivyowahi kusikika Tanta. Wanawake wakamnyang'anya, wakakipiga vizuri. Wagonjwa waliokuwa wanangoja nje wakadhani kuna harusi, wakaitikia.

"Mama Nadir," mkuu akasema kelele zilipopungua, "friji ni yako."

"Ya wagonjwa, Daktari."

"Ya wagonjwa. Lakini ufunguo ukae kwako."

Daktari Nevin ni mwangalifu. Anasema kliniki moja na watu sitini hawamalizi mjadala, na kwamba maji ya baridi hayaponyi jino wala hayafuti maumivu yote. Yanapunguza, na kwa mtu anayesitasita kurudi, kupunguza kunatosha kuliokoa jino. Wanaendelea kuhesabu. Sasa wamepita watu mia mbili, na vifuko vitupu bado ni vingi.

Jumamosi iliyofuata maulidi, Daktari Lutfi alivaa glavu, akaketi ubavuni mwa kiti cha pili, akamwita Inshirah asimame kando yake. Alikuwa na mgonjwa wake wa kwanza wa maji ya baridi.

"Haya, niangalie kidole," akamwambia.

"Kizito, Daktari."

"Sasa?"

"Bado kizito. Hebu fikiri unamnywesha maji mtoto aliyelala."

Mkuu akashusha pumzi, bega likalegea, kidole kikalegea.

"Hapo," Inshirah akasema. "Hapohapo."

Mwezi ujao anaanza safari ya kliniki sita za vijijini, moja kila wiki, kuwafundisha wasaidizi wenzake jinsi ya kupoza maji na kukiangalia kidole. Barua ya ruhusa imetoka, na jina lake limeandikwa lote, mpaka la babu. Amenunua sanduku la kubebea baridi. Ya kwanza ni kliniki ya kijiji alikozaliwa, ambako daktari wa meno huja siku moja kwa wiki na watu huenda zaidi kung'oa.

Amebakiza miaka minne kustaafu. Ukimuuliza anataka nini katika miaka hiyo, hafikirii mara mbili.

"Pale kwetu, mama yangu alifika miaka arobaini akiwa na meno sita," anasema, huku akifuta kiti kwa ajili ya mgonjwa anayefuata. "Hakuna aliyeshangaa. Mimi nataka mwanamke wa kijiji kile afike sitini, aume mkate mkavu wa juzi, na pia asishangae mtu."

Kisha anageukia mlangoni na kupaza sauti:

"Nani anafuata? Ingia, mwanangu. Na hiyo skafu iache hukohuko nje."